Kutafuta Njia Kwenye Ramani za Gemu: Kuandika A*, Kuithibitisha na Kuipima kwa Vigezo vya Watafiti

Algorithimu ya A* ilichapishwa mwaka 1968 na Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael wa Stanford Research Institute, na mpaka leo ndiyo inayoongoza wahusika wengi wa gemu wanapoambiwa waende upande wa pili wa ramani. Kuiandika hakuna shida, kwani mistari mia moja hivi ya programu inatosha. Shida iko kwenye kuiandika iwe sahihi kabisa, halafu kuipima kwa namna ambayo mtu mwingine akirudia atapata matokeo yaleyale. Madai mengi ya kuongeza kasi mara kumi huanguka hapo, kwa sababu A* iliyotumika kama kipimo ilikuwa imeandikwa ovyo. Kwa hiyo kwanza pata A* ya msingi isiyo na dosari, ndipo ufikirie kuongeza kasi.

Ramani na maswali

Usianze na ramani uliyoichora mwenyewe. Maabara ya Moving AI ya Nathan Sturtevant, aliyekuwa University of Denver kabla ya kuhamia University of Alberta, hutoa bure mkusanyo wa ramani pamoja na maswali yake, na ndio unaotumika katika tafiti nyingi za fani hii. Zimo ramani zilizotoka kwenye Dragon Age: Origins, StarCraft, Warcraft III na Baldur's Gate II, na nyingine za kutengenezwa: vichochoro vya kupotezana, vyumba vyenye milango, na vizuizi vilivyotawanywa kibahati. Chukua angalau aina tatu. Mbinu inayong'ara kwenye uwanja wa wazi huweza kulegea kabisa kwenye vichochoro, na hutajua hilo ukipima aina moja tu.

Faili la ramani ni maandishi ya kawaida, na kila herufi ya ramani ni kisanduku kimoja cha gridi. Hii hapa ndogo kabisa, ambayo tutaitumia tena baadaye:

```
type octile
height 3
width 5
map
.....
.@@..
.....
```

Angalia kwamba urefu wa kwenda chini hutajwa kabla ya upana. Nukta na herufi G ni sehemu inayopitika. Alama @ na herufi O ni nje ya ramani, na T ni miti, haipitiki. S ni kinamasi, ambacho unaweza kukiingia ukitoka nchi kavu. W ni maji: kilichomo majini kinaweza kutembea humo, lakini huwezi kutoka nchi kavu ukaingia majini. Anayechukulia W kuwa sawa na nukta hupata njia fupi kuliko zilizoandikwa kwenye maswali, akadhani amevumbua kitu.

Maswali yako kwenye faili lenye kiambishi .scen. Mstari wa kwanza hutaja toleo, kisha kila mstari una safu tisa zilizotenganishwa kwa tabo: namba ya kundi, jina la ramani, upana, urefu, x na y za mwanzo, x na y za lengo, na mwisho urefu wa njia fupi kuliko zote. Hiyo safu ya tisa ndiyo hazina yenyewe, kwa sababu inakupa jibu la kujisahihishia. Namba ya kundi hupatikana kwa kugawa urefu huo kwa 4 na kuacha sehemu ya desimali, hivyo maswali mafupi yako juu na marefu yako chini.

x ni safu na y ni mstari, na (0,0) ni kona ya juu kushoto. Ukivigeuza kwenye ramani yenye pande sawa, programu haitaanguka wala kulalamika. Itatafuta tu kati ya sehemu zisizo zenyewe, mara nyingine ikianzia ndani ya ukuta. Mtego mwingine ni faili lililohifadhiwa kwa mtindo wa Windows: kila mstari una herufi moja ya ziada isiyoonekana, na ukisoma ramani kama mfululizo mmoja wa herufi, kila mstari unasogea kidogo kuliko ule wa juu yake. Pia linganisha upana na urefu wa kwenye .scen na wa ramani. Visipolingana, ramani inatakiwa ikuzwe ifikie vipimo vya kwenye .scen.

Kanuni ya mshazari

Hatua nyoofu (juu, chini, kushoto, kulia) ina gharama 1, na ya mshazari ina gharama ya kipeuo cha pili cha 2, yaani takriban 1.41421. Lakini mshazari unaruhusiwa tu endapo visanduku vyote viwili vinavyougusa kwa pembeni vinapitika. Mhusika ana mwili, hapenyi kwenye kona ya ukuta.

Tumia ramani ndogo ya hapo juu kama jaribio la kwanza. Anza (1,0), lengo liwe (1,2). Kona zikikatwa, jibu ni mishazari miwili, 2.82843. Kanuni ikifuatwa, mhusika anakwenda (0,0), (0,1), (0,2), kisha (1,2), na jibu ni 4 kamili. Jaribio hili lisipotoa 4, usiendelee.

Kanuni hii ina faida moja ambayo wengi hawaitumii. Kwa kuwa mshazari unahitaji majirani wote wawili wawe wazi, popote unapofika kwa mshazari ungeweza pia kufika kwa hatua mbili nyoofu. Kwa hiyo, ili kujua kama sehemu mbili za ramani zimeunganika, inatosha kusambaa kwa pande nne tu na kukipa kila kisanduku namba ya eneo lake. Fanya hivyo mara moja ramani inapopakiwa. Lengo likiwa eneo tofauti na mwanzo, jibu la "hakuna njia" linapatikana kwa kulinganisha namba mbili. Bila hilo, A* italimaliza eneo zima kabla ya kukata tamaa, na hakuna swali linaloigharimu zaidi ya lile lisilo na jibu.

Kisio

A* hupanga visanduku kwa f = g + h. Hapo g ni gharama iliyokwisha kulipwa kutoka mwanzo, na h ni kisio la gharama iliyobaki. Kisio likizidi gharama halisi hata kwenye kisanduku kimoja, huna tena uhakika kwamba njia utakayopata ndiyo fupi kuliko zote.

Kwa mwendo wa pande nane kisio linalofaa ni hili: chukua tofauti ya x na tofauti ya y, kubwa kati yake ijumlishwe na 0.41421 mara ndogo. Tofauti zikiwa 7 na 3, unapata 8.2426, ambayo ndiyo gharama kamili pasipo vizuizi. Kujumlisha 7 na 3 kupata 10 kunazidisha, na hili ndilo kosa linaloonekana mara nyingi kuliko mengine kwa sababu njia inayotoka bado inapendeza machoni. Umbali wa rula, 7.6158, hauharibu usahihi, ila unakisia chini bila sababu na kuifanya programu ipekue visanduku vingi zaidi.

Moyo wa programu

```
g[mwanzo] = 0; ingiza mwanzo kwenye foleni
wakati foleni ina kitu:
    n = toa chenye f ndogo kuliko vyote
    kama n kimefungwa: ruka
    funga n
    kama n ni lengo: rudisha njia
    kwa kila jirani j wa n:
        kama j kimefungwa: ruka
        mpya = g[n] + gharama(n, j)
        kama mpya < g[j]:
            g[j] = mpya; mzazi[j] = n
            ingiza j kwenye foleni, f = mpya + h(j)
```

Lengo linakaguliwa linapotolewa kwenye foleni, si linapoingizwa. Linapoingia kwa mara ya kwanza linaweza kuwa limefikiwa kwa njia mbaya, huku njia nzuri ikiwa bado inasubiri zamu. Kisanduku kile kile kinaweza kuingia foleni zaidi ya mara moja, na nakala kuukuu hurukwa kwenye ule mstari wa "kama n kimefungwa". Hii ni rahisi kuliko kusogeza kilichomo tayari ndani ya hipu (muundo wa data unaotoa haraka kilicho kidogo kuliko vyote), na kwenye gridi kwa kawaida haina hasara ya kutisha. Foleni yenyewe iwe hipu ya jozi. Orodha inayopangwa upya kila mara, au inayokaguliwa yote kutafuta iliyo ndogo, ndiyo "A* dhaifu" inayofanya kila mbinu mpya ionekane ya ajabu.

Majedwali ya g, mzazi na hali ya kufungwa yatengwe mara moja kwa ramani nzima, ukitumia y × upana + x kama namba ya kisanduku. Ramani ya 512 × 512 ina visanduku 262,144. Ukiyafuta yote kabla ya kila utafutaji, swali la hatua 20 litatumia muda mwingi zaidi kufuta kuliko kutafuta. Dawa yake ni muhuri: kila utafutaji una namba yake, na thamani za kisanduku ni halali tu kama muhuri wake ni wa utafutaji huu. Weka muhuri, g na mzazi wa kisanduku kimoja pamoja kwenye kumbukumbu ili prosesa ivichukue kwa mkupuo mmoja.

Sasa suala la sare, ambalo linastahili muda wako. Chukua uwanja usio na kizuizi, lengo likiwa safu 100 na mistari 50 kutoka mwanzo. Kila njia fupi ni mchanganyiko wa mishazari 50 na hatua nyoofu 50, kwa mpangilio wowote. Visanduku vinavyoangukia kwenye njia mojawapo kati ya hizo ni 51 × 51, yaani 2,601, na vyote vina f ileile. Ukivunja sare kwa kuchagua chenye g kubwa, programu inakwenda moja kwa moja na kupanua (yaani kutoa foleni na kukagua majirani wa) kama visanduku 101. Ukichagua chenye g ndogo, itapanua karibu vyote 2,601. Mara 25 zaidi, kwa alama moja ya ulinganisho iliyogeuzwa.

Lakini sare haitambuliki ikiwa g ni namba za desimali. Ukijumlisha 1 na 1.41421 kwa mpangilio tofauti, tarakimu za mwisho hutofautiana kidogo, na vyenye f sawa vinaonekana havilingani. Tumia namba kamili. Desturi ya 10 na 14 inafaa kwa gemu ndogo, si kwa utafiti: mishazari 5 inakuwa 70 na hatua nyoofu 7 zinakuwa 70, ilhali ukweli ni 7.071 dhidi ya 7, na programu inaweza kuchagua iliyo mbaya. Tumia 100,000 na 141,421, kisio nalo likokotolewe kwa namba hizohizo. Kwenye vichochoro njia huwa ndefu mno, hivyo tumia namba za biti 64 zisije zikafurika.

Thibitisha kabla ya kupima

Endesha kila swali kwenye faili la .scen. Urefu wa njia uhesabu upya kutoka kwenye njia yenyewe, yaani hatua nyoofu pamoja na mishazari mara 1.41421356, kisha ulinganishe na safu ya tisa. Kubali tofauti iliyo chini ya 0.01, kwa kuwa baadhi ya mafaili huchapa tarakimu chache. Pia tembea njia kisanduku kwa kisanduku ukikagua kila hatua, kwa kipande cha programu kilichoandikwa mbali na kile kinachozalisha majirani. Kikitumika kipande kilekile, kosa litajithibitisha lenyewe.

Matokeo yakikataa, upande yanakoegemea hukuonyesha pa kutazama. Njia yako ikiwa fupi kuliko iliyoandikwa, unakata kona au unapita kwenye herufi isiyopitika. Ikiwa ndefu kidogo kwenye maswali machache, kisio linazidisha au unasimama lengo linapoingia foleni. Ikiwa ndefu karibu kila mahali, huenda majirani wa mshazari hawazalishwi. Na "hakuna njia" ikijitokeza kwenye maswali mengi, rudi kwenye x na y, au kwenye ile herufi ya ziada.

Kupima

Rekodi vitu vitatu kwa kila swali: visanduku vilivyopanuliwa, vilivyoingizwa foleni, na muda kwa mikrosekunde. Washa uboreshaji wa kompaila. Saa ianze baada ya ramani kupakiwa, na usichapishe chochote kwenye skrini ndani ya kitanzi kinachopimwa. Mzunguko wa kwanza utupe, maana kache (kumbukumbu ya haraka ya prosesa) bado haijajazwa data inayohitajika. Rudia mingine mara kadhaa, na kwa kila swali chukua muda wa katikati, si wastani, kwa sababu kazi moja ya mfumo wa kompyuta ikiingilia kati inaweza kuupandisha wastani mno.

Ripoti kwa makundi ya urefu. Ukijumlisha muda wote na kugawa, maswali marefu humeza mafupi, na mbinu inayochelewesha kila swali fupi itaonekana haina kasoro. Kwenye gemu, maagizo mengi ni ya masafa mafupi.

Kuongeza kasi

Jump Point Search, ya Daniel Harabor na Alban Grastien, ilichapishwa mwaka 2011. Badala ya kuingiza kila jirani kwenye foleni, hukimbia kwa mstari mpaka ifike mahali ambapo ukuta unalazimisha uamuzi, na hapo tu ndipo inapoweka kitu foleni. Haihitaji maandalizi wala kumbukumbu ya ziada, na njia inabaki fupi kuliko zote. Sharti ni gridi yenye gharama sawa kila mahali. Kinamasi kikigharimu mara mbili, hoja inayoiruhusu kuruka visanduku inavunjika. Kanuni za mahali pa kusimama hubadilika kulingana na kama kona hukatwa au la, kwa hiyo usinakili programu bila kujua imeandikwa kwa kanuni ipi. Na usiilinganishe na A* kwa visanduku vilivyopanuliwa peke yake: inapanua vichache mno, lakini kila upanuzi unakagua visanduku vingi njiani. Hapa saa ndiyo yenye neno.

Mbinu ya alama za rejea huboresha kisio. Chagua visanduku vichache vilivyo mbali, kila kipya kiwe kile kilicho mbali kuliko vyote na vilivyochaguliwa, kisha kokotoa na kuhifadhi umbali wa kweli kutoka kila alama hadi kila kisanduku. Kisio kati ya a na b ni tofauti ya umbali wao kutoka alama moja, na ukiwa na alama kadhaa unachukua kubwa kuliko zote. Kwa baiti 4 kwa kila umbali, alama moja kwenye ramani ya 512 × 512 inakula mebibaiti 1, na alama 10 zinakula 10. Ukuta ukiongezwa wakati gemu inaendelea, kisio bado ni salama, kwa sababu umbali wa kweli umeongezeka au umebaki palepale. Mlango ukifunguliwa, umbali wa kweli unapungua, na kisio la zamani linaweza kuzidi. Kwa hiyo fanya maandalizi milango yote ikiwa wazi.

HPA*, ya Adi Botea, Martin Müller na Jonathan Schaeffer wa University of Alberta, ya mwaka 2004, hugawa ramani katika vipande, mathalani vya 10 × 10, na kuweka vivuko kwenye mipaka. Uwazi mwembamba hupata kivuko kimoja katikati, mpana hupata viwili kwenye ncha zake. Mpaka kati ya aina hizo mbili ulikuwa visanduku 6. Umbali kati ya vivuko vya kipande kimoja hukokotolewa mapema. Waandishi waliripoti kasi ya hadi mara 10 kuliko A* iliyoboreshwa sana, kwa njia zilizo ndani ya asilimia 1 ya iliyo fupi kuliko zote. Hiyo asilimia 1 ni baada ya kunyoosha njia. Ukiruka hatua ya kunyoosha, mhusika ataonekana akijipinda kuelekea kila kivuko. Ukuta ukibadilika, unakokotoa upya vipande vilivyoguswa tu, na ndiyo sababu mbinu hii inafaa kwa ramani zinazobomolewa.

Kuna pia njia ya mkato: zidisha h kwa 1.5. Njia haitazidi mara 1.5 ya iliyo fupi kuliko zote, na dhamana hiyo inabaki hata usipofungua tena visanduku vilivyofungwa, mradi kisio la awali halishuki kati ya majirani kwa zaidi ya gharama ya hatua, kama lile la pande nane la hapo juu.

IDA*, aina ya A* inayorudia utafutaji kwa kikomo cha gharama kinachopanda, achana nayo kwenye gridi. Haikumbuki ilikopita, na kati ya pembe mbili zilizo umbali wa hatua 10 kwa 10 kuna njia fupi 184,756 kwa mwendo wa pande nne.

Ndani ya gemu yenyewe

Gemu ya fremu 60 kwa sekunde ina milisekunde 16.7 kwa kila fremu, na sehemu kubwa inakwenda kwenye picha. Kiwango cha BioWare, kampuni iliyotengeneza Dragon Age: Origins, kilichonukuliwa na watafiti wa Alberta kilikuwa milisekunde 1 hadi 3 kwa wahusika wote wanaotafuta njia kwa pamoja. Ndiyo maana mashindano ya utafutaji wa njia kwenye gridi yaliyoanza mwaka 2012 hayakupima muda wa jumla pekee, bali pia muda wa kupata hatua 20 za kwanza, maana mhusika anaweza kuanza kutembea wakati njia iliyobaki inaendelea kukokotolewa. HPA* inakupa hilo bila kazi ya ziada: jaza hatua za kipande cha kwanza, vingine vijazwe atakapovikaribia.

A* ya kawaida unaweza kuigawa kwa fremu, kwa mfano upanuzi 500 kila fremu, kisha uhifadhi foleni na kuendelea. Ukifanya hivyo, kumbuka kwamba majedwali yenye muhuri ni ya utafutaji mmoja kwa wakati mmoja. Mhusika wa pili akianza wa kwanza hajamaliza, muhuri mpya unafuta kazi ya wa kwanza kimyakimya, na njia inayorudi inaweza kuwa mchanganyiko wa wazazi wa tafutizi mbili. Ama kila utafutaji ulio hai uwe na majedwali yake, ama maombi yapange foleni na kuhudumiwa moja baada ya jingine. Na kama ramani imebadilika katikati, linganisha namba ya toleo la ramani na ile uliyoiandika utafutaji ulipoanza. Zikitofautiana, anza upya.